Kugeuza Hilux ya magurudumu mawili kuwa 4x4: kazi inaanzia kwenye chasisi

Kila masika yanapokaribia, gereji ninayofanyia kazi hapa Arusha hupokea swali lile lile kutoka kwa wakulima wa maharage wa Simanjiro na wafanyabiashara wa mifugo wa Longido: je, Hilux inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake inaweza kufungwa ekseli ya mbele ikawa 4x4? Inawezekana, na si jambo geni duniani, kwa kuwa kampuni ya Marmon-Herrington ya Marekani ilikuwa ikiyabadili malori ya Ford kwa namna hiyo tangu miaka ya 1930. Hata hivyo, anayeanza kwa kuuliza bei ya ekseli ameshika jambo la mwisho na kuliacha la kwanza. Kinachoyatenganisha magari haya mawili ni chasisi, na yeyote asiyeitazama chasisi kabla ya kutoa fedha atajikuta amenunua gari la pili kipande kwa kipande, kwa gharama kubwa kuliko ya gari zima.

Nitaeleza kwa kutumia Hilux ya kizazi cha tano, iliyoanza kutoka mwaka 1988, yenye injini za dizeli za 2L na 3L (haya ni majina ya injini, si ujazo wa lita), kwa sababu ndiyo ninayoifahamu kuliko nyingine na bado inafanya kazi katika vijiji vyetu vingi. Katika LN85, ambayo ni ya magurudumu mawili, kila gurudumu la mbele linasimama peke yake juu ya mikono yake na kubebwa na fito za chuma zinazojisokota, zilizolala kwa urefu chini ya chasisi. Katika LN106, ambayo ni 4x4, magurudumu ya mbele yameunganishwa na ekseli moja ngumu iliyokaa kwenye springi za bapa, sawa na zile za nyuma. Maana yake ni kwamba chasisi ya LN85 haina mahali pa kushikia springi za bapa mbele, na vishikizo vya ile mikono vimekaa palepale ambapo ekseli ngumu ingetakiwa kupita. Boriti ya kubebea transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, nayo haipo.

Njia mbili zinabaki. Ya kwanza ni kukata vishikizo vya zamani na kuchomelea vipya kwenye chasisi uliyonayo. Wapo mafundi wanaoifanya kazi hiyo kwa uangalifu, lakini mimi siipendekezi kwa gari la mzigo, kwa sababu vishikizo vya mbele vinabeba uzito wa injini, nguvu ya breki na kila pigo la shimo kwa wakati mmoja, na mahali palipochomelewa bila vipimo vya kiwandani ndipo ufa unapoanzia. Upande mmoja ukitangulia mwingine hata kwa milimita chache, ekseli inakaa mshazari, gari linavuta upande, na tairi zinaliwa kabla ya wakati wake. Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoifuata, ni kutafuta LN106 iliyopata ajali ya bodi huku chasisi yake ikiwa nzima, kisha kuhamishia juu yake kabini, karoseri na injini ya gari lako. Kabini za kizazi kimoja hufanana kiasi cha kukubali kuhamishwa, ingawa vishikizo vyake inabidi vilinganishwe kimoja kimoja.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipuuza na baadaye likawaletea usumbufu mkubwa barabarani. Kwa sheria, utambulisho wa gari ni namba ya chasisi. Ukiondoa chasisi yako na kuweka nyingine, gari linaloondoka gereji ni ile LN106, hata kama rangi, viti na injini ni vya kwako. Kwa hiyo ile LN106 lazima iwe na kadi halali, iwe imelipiwa kodi, na muuzaji awe mtu anayeweza kuthibitisha umiliki. Kwa Tanzania taarifa ya kubadilishwa kwa injini inapelekwa TRA (Mamlaka ya Mapato), na kwa Kenya masuala ya usajili yako chini ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani). Chasisi isiyo na karatasi usiinunue hata ukipewa kwa bei ya chuma chakavu, wala usikubali ushauri wa kuhamisha kipande chenye namba kutoka chasisi moja kwenda nyingine, kwa sababu huo ni uhalifu. Bima nayo iandikwe upya kulingana na gari lilivyo sasa.

Unapoikagua LN106 ya kutolea vipuri, anza kwa kupima chasisi kwa mshazari: kutoka tundu la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana, chasisi imepinda. Baada ya hapo lala chini uitazame ekseli ya mbele. Kila mwisho wa ekseli, pale gurudumu linapokatia kona, kuna tufe la chuma linalozungukwa na mpira wa kuzuia grisi. Pitisha kidole juu ya tufe hilo. Utando mwembamba wa grisi ni dalili nzuri. Uji mweusi mwepesi unaotiririka maana yake ni kwamba sili ya ndani imekufa, oili ya difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli) imeingia na kuiosha grisi, na kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu kimekuwa kikifanya kazi bila ulinzi. Tufe lenye vidonda vya kutu litakata kila sili mpya utakayoweka, hivyo ni la kubadilishwa.

Giaboksi ya gari la magurudumu mawili haiwezi kufungiwa transfa kwa nyuma kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa shafti yake ya kutokea na mkia wake vimetengenezwa kwa ajili ya propela moja tu, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Inachukuliwa giaboksi ya 4x4 pamoja na transfa yake. Faraja ni kwamba injini za 2L na 3L ni za ukoo mmoja, na giaboksi ya LN106 hukubali kukaa mgongoni mwake. Transfa hii, inayozungushwa na gia bila mnyororo, ina gia nzito yenye uwiano wa 2.28, yaani nguvu kwenye magurudumu huzidi mara mbili huku mwendo ukipungua kwa kiwango hicho hicho, na kwa maoni yangu gia hiyo peke yake ina thamani kubwa mlimani kuliko hata kuzunguka kwa magurudumu ya mbele. Sampu ya injini, yaani beseni la oili lililo chini yake, nayo itazamwe, kwa sababu ekseli ngumu hupanda na kushuka chini yake. Ukibadili sampu, badili pamoja nayo bomba la kunyonyea oili, la sivyo injini inaweza kunyonya hewa kwenye mteremko mkali. Waya za taa ya 4x4, kebo ya spidi na tundu la mkono wa transfa sakafuni ni kazi ndogo.

Uwiano wa difu ndio unaoharibu kazi nyingi zilizofungwa vizuri kwa nje. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Hilux za miaka hiyo zilitoka na uwiano tofauti: krauni (gia kubwa ya difu) yenye meno 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) yenye meno 10 inatoa 4.1, na krauni ya meno 41 kwa pinioni ya meno 9 inatoa 4.556. Ukifunga 4.1 nyuma na 4.556 mbele, magurudumu ya nyuma yanapozunguka mara 10, ya mbele yanataka kuzunguka mara 9. Kwenye tope tofauti hiyo humezwa na utelezi, lakini kwenye ardhi ngumu inajikusanya ndani ya transfa na propela mpaka kitu kivunjike. Kuijua difu uliyonayo bila kuifungua ni rahisi, mradi haina mfumo wa kujifunga, yaani wa kulazimisha magurudumu mawili kuzunguka pamoja. Weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, inua gurudumu moja la nyuma, weka gia huru, chora alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi, kisha zungusha tairi mizunguko miwili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Hesabu atakayoipata ndiyo uwiano wenyewe. Ikiwa imezidi minne kidogo tu, ni 4.1, ikiwa imevuka minne na nusu, ni 4.556.

Propela zote mbili hupimwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya springi, kamwe si likiwa limening'inia kwenye jeki. Pembe ya krosi (kiungo kinachojikunja kwenye ncha ya propela) ya mbele na ya nyuma ya kila propela ziwe sawa, na masikio ya ncha mbili yakae kwenye mstari mmoja, kwa sababu krosi iliyokunjwa huongeza na kupunguza kasi ndani ya kila mzunguko, na ni krosi ya upande wa pili pekee inayoweza kuusawazisha mwendo huo. Mtikisiko unaotokea kwenye mwendo fulani tu, dereva akidhani ni tairi, mara nyingi chanzo chake ni hapo.

Usukani na breki sina mjadala navyo. Boksi la usukani la ekseli ngumu hufanya kazi kwa kusukuma na kuvuta fito kuelekea mbele na nyuma, tofauti na lile la LN85 linalosogeza fito kwenda kulia na kushoto, kwa hiyo linachukuliwa pamoja na fito zake zote, na hakuna sehemu yoyote ya usukani inayoruhusiwa kuchomelewa. Kwa breki, angalia vali iliyo nyuma yenye mkono unaoshikana na ekseli. Vali hii husoma mzigo kwa kupima umbali kati ya chasisi na ekseli. Ukiinua gari kwa springi ndefu bila kuirekebisha, inaamini kwamba gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma hata kama umebeba magunia hadi juu.

Mkulima ambaye shida yake ni kilomita chache za tope jeusi mara mbili kwa mwaka ninamshauri aache mpango huu, anunue tairi za matope na kuweka difu ya nyuma inayojifunga, au auze gari lake na kununua 4x4 iliyotoka hivyo kiwandani. Kugeuza kuna maana pale ambapo injini na kabini zako ni nzima kweli, na LN106 yenye chasisi nyoofu na karatasi safi imepatikana.

Gari likishatoka, lirudi gereji baada ya safari zake za kwanza zenye mzigo. Yubolti za springi, yaani bolti zenye umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, hukazwa upya, kwa kuwa springi mpya hujikalia na kulegeza nati. Habu (vitovu vya magurudumu) za mbele hushikwa kwa mkono mara baada ya mwendo, na iliyo ya moto kuliko mwenzake beringi zake hufunguliwa na kupangwa upya. Dereva naye aelezwe kwamba 4x4 ya aina hii haina difu ya kati ya kuruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, hivyo kwenye lami kavu magurudumu ya mbele huachwa huru, na habu hufungwa, yaani huunganishwa na shafti za ekseli, pale tope linapoanza.