Sarafu moja, deni la nani? Somo la Ugiriki kutoka Mwaloni

Katika kikundi kimoja cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, niliwakuta wanachama wakibishana kuhusu mwenzao aliyeshindwa marejesho miezi mitatu mfululizo. Wengine walitaka vichanja vyake vya kuanikia dagaa viuzwe siku hiyohiyo. Mama mmoja, mshika ufunguo wa sanduku, akauliza: "Tukiuza vichanja, dagaa ataanika wapi apate hela ya kutulipa?" Jirani yake akadakia: "Na sisi tuliompa mkopo wa pili kabla hajamaliza wa kwanza, tunajivuaje?"

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyoitesa Ulaya kuanzia mwaka 2010.

Ugiriki ilijiunga na sarafu ya euro mwaka 2001. Kanuni zilitaka nakisi ya bajeti, yaani pengo la matumizi ya serikali kuzidi mapato yake, isizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa, na deni lisizidi asilimia 60. Kwa kuwa sarafu ilikuwa moja, wakopeshaji wakaipa Ugiriki mikopo kwa riba iliyokaribiana na ya Ujerumani, kana kwamba mfuko nao ni mmoja. Mwishoni mwa 2009 serikali mpya ya George Papandreou ikatangaza kuwa nakisi ilikuwa kubwa mno kuliko ilivyoripotiwa. Hesabu zilipokamilika, ilikuwa imepita asilimia 15. Riba ikapaa.

Nchi yenye sarafu yake huweza kuiacha ishuke thamani, bidhaa zake zikawa nafuu nje. Ugiriki haikuwa tena na drakma, sarafu yake ya zamani. Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya nao, kifungu cha 125, unasema nchi moja haibebi deni la nyingine. Hata hivyo, Mei 2010 ilipatikana mikopo ya uokoaji ya euro bilioni 110, chini ya uangalizi wa Tume ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Mpango wa pili ukafuata mwaka 2012, na wa tatu mwaka 2015.

Sehemu kubwa ya fedha hizo ilipita tu Ugiriki ikaenda kulipa madeni, na miongoni mwa waliokuwa wakidai zilikuwamo benki za Ufaransa na Ujerumani. Ni Machi 2012 ndipo wakopeshaji binafsi walipokatwa zaidi ya nusu ya madai yao, wakati wengine walikwishalipwa na kuondoka. Hapo ndipo ninapoona dhuluma. Ugiriki ilikosa kweli, maana ilipotosha takwimu na kushindwa kukusanya kodi. Lakini aliyeikopesha bila kuichunguza naye ana sehemu yake.

Kisha masharti. Pensheni zilikatwa, kodi zikapanda, kima cha chini cha mshahara kikashushwa kwa asilimia 22 mwaka 2012. Uchumi ukasinyaa kwa takriban robo, na mwaka 2013 wasio na ajira wakapita asilimia 27. Deni hupimwa kwa ukubwa wa uchumi. Uchumi ukisinyaa, deni linakua hata kama hujakopa senti. Vichanja viliuzwa.

Haya yanatuhusu. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala, Novemba 30, 2013, ikiweka ukomo wa nakisi wa asilimia 3 na wa deni wa asilimia 50. Lengo la sarafu moja, lililokuwa 2024, limesogezwa hadi 2031. Mchuuzi wa dagaa wa Mwanza anayeuza Kenya ataokoa gharama ya kubadili fedha, nami namtakia hivyo. Ila ukomo Ulaya nao walikuwa nao. Kabla hatujaiaga shilingi, iandikwe wazi: nani anakagua vitabu vya nchi mwanachama, mkopeshaji anakatwa lini, na nini hakiguswi hata nchi ikizama.

Pale Mwaloni walikubaliana vichanja vibaki. Marejesho yatapelekwa kidogokidogo kila giza la mwezi, dagaa wanapovuliwa kwa wingi, na kikundi kikafuta riba ya mkopo wa pili.