Bodi ya oda: kwa nini gari moja la kale lina majina mawili mnadani

Ukifungua katalogi ya mnada wa magari ya kale, utakuta gari moja limeandikwa kwa majina mawili. Duesenberg, halafu Murphy. Delahaye, halafu Figoni et Falaschi. Jina la kwanza ni la kiwanda kilichotengeneza injini na fremu. La pili ni la mafundi waliojenga bodi, na asiyelijua atashangaa kwa nini magari mawili ya mwaka mmoja, yenye injini ileile, yanapishana bei kwa mamilioni ya dola.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni nyingi za magari ya kifahari ziliuza chesisi tu: fremu ya chuma, injini, giaboksi, ekseli, rejeta na usukani. Rolls-Royce wenyewe walifanya biashara hivyo miaka yote hiyo. Mteja, au wakala wake, ndiye aliyeipeleka chesisi kwa wajenzi wa bodi na kueleza anachotaka. Aliyewahi kuona chesisi ya Isuzu ikiendeshwa tupu barabarani kwenda kujengewa bodi ya basi ameshauona mpango huu. Tofauti ni kwamba bodi ya oda ilijengwa kwa matakwa ya mtu mmoja, hadi rangi ya ngozi ya viti na sehemu ya kuwekea mifuko ya gofu.

Chukua Duesenberg Model J, gari la Marekani lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwishoni mwa 1928. Injini yake ya silinda 8 zilizopangwa mstari mmoja ilikuwa na ujazo wa karibu lita 7 na valvu 4 kwa kila silinda, na kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 265. Chesisi peke yake, bila hata mlango, iliuzwa dola 8,500 wakati Ford Model A ya kawaida, gari zima, ilipatikana kwa dola 500 hivi. Hadi kampuni inafungwa mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa takribani 480 tu.

Kampuni ya Murphy ya Pasadena, California, ndiyo iliyozivalisha Duesenberg nyingi kuliko nyingine yoyote, na gari lao la paa la kukunja linastahili kutazamwa kwa karibu. Nguzo za kioo cha mbele ni nyembamba sana, hazimzibi dereva macho. Paa la turubai likishakunjwa linazama lote nyuma ya viti na kufunikwa na kifuniko cha bati kilicho sawa na bodi, usione hata mkunjo mmoja. Kuna pia vioo vya milangoni vya kupanda na kushuka, kwa hiyo mvua ikija unafunga na kukaa pakavu. Hapo ndipo linapotofautiana na rodsta halisi, gari la wazi la viti viwili, ambayo haina vioo hivyo. Kazi yote hiyo ilifanywa kwa mkono: seremala akiunda mifupa ya mbao, fundi bati akigonga bamba na kulikunja mpaka lifuate umbo. Kwangu mimi huo ni ufundi wa kiwango cha juu kabisa kuwahi kuwekwa juu ya magurudumu.

Mdororo wa uchumi ulipunguza wateja, na Murphy ilifunga mwaka 1932. Bodi za chuma tupu zilizotolewa kiwandani kwa mashine kubwa za kukandamiza bati zikachukua nafasi, na baada ya vita kazi ya bodi za oda ikabaki kwa wachache.

Sasa, bodi iliyofungwa kwa bolti inaweza kufunguliwa, na hilo ndilo jambo la kuangalia sana mnadani. Duesenberg nyingi zilibadilishwa bodi zingali zinatumika: gari zito la milango minne lilivuliwa, likavalishwa bodi ya wazi iliyopendeza zaidi. Ndiyo maana katalogi nzuri inataja namba ya injini, ambayo huanza na herufi J, namba ya chesisi na historia ya bodi, kisha inaeleza kama injini, chesisi na bodi vimekuwa pamoja tangu gari likiwa jipya. Klabu ya Auburn Cord Duesenberg hukagua magari hayo na kutoa vyeti kwa madaraja. Kulibadilisha bodi si ulaghai iwapo muuzaji anasema wazi, ila bei haitakuwa ileile.

Historia ikiwa safi, bei hupaa. Duesenberg SSJ ya 1935, rodsta ya chesisi fupi iliyokuwa ya mwigizaji Gary Cooper, moja kati ya mbili tu zilizojengwa, iliuzwa mnadani Pebble Beach, California, mwaka 2018 kwa dola milioni 22, rekodi ya gari la Kimarekani mnadani wakati huo. Kiasi hicho ni pamoja na ada ya mnunuzi, asilimia inayoongezwa juu ya bei ambayo nyundo iligongwa. Anayepanga bajeti aikumbuke ada hiyo kabla hajainua mkono, na aulize pia kama kuna bei ya siri ambayo chini yake mwenye gari hauzi.