Toleo thabiti: neno linalosingiziwa mengi

Mabishano ya Linux, ule mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, hapa Mbeya yanaishia pale pale, iwe ni kwenye vibanda vya mafundi Mwanjelwa au kwenye vyumba vya wanafunzi kule Iyunga. Mmoja atasema, "Weka Debian, ni thabiti, haigandi." Mwenzake atamrukia, "Debian imejaa programu za kizamani, utadukuliwa mchana kweupe." Wote wawili wanazungumzia uthabiti, na wote wawili wanakosea. Hayo nilikuwa nimeyazoea. Kilichonishinda ni ripoti ya ukaguzi wa usalama iliyoletwa kwenye ofisi moja ya ushirika ninayoihudumia: kurasa kadhaa zenye rangi nyekundu, zikishauri seva ihamishwe kutoka "toleo thabiti la zamani" kwenda "toleo jipya lililo salama zaidi". Meneja alinipigia simu akidhani wameshaibiwa.

Maana yenyewe ni fupi. Toleo thabiti ni lile ambalo watengenezaji wake wameahidi kwamba tabia yake haitabadilika kwa muda wote watakaolihudumia. Namba kubwa za programu zilizomo zinabaki zilivyo, mafaili ya mipangilio yanaendelea kusomeka vile vile, na amri uliyoizoea leo itafanya kazi hiyo hiyo mwaka kesho. Ahadi inahusu mabadiliko, basi. Mashine kuganda, mashine kuwa nzito, mashine kudukuliwa, kila moja lina sababu zake.

Debian, distro (yaani mkusanyo wa Linux na programu zake) iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi kwa sababu ina matawi matatu. Pakeji mpya, yaani programu iliyofungashwa tayari kuwekwa, inaingia kwanza kwenye tawi lisilo thabiti, ambalo jina lake la utani ni sid, kijana wa filamu ya katuni aliyekuwa akivunja midoli. Ikikaa humo siku chache bila kuripotiwa dosari kubwa, inahamia tawi la majaribio. Kila baada ya takriban miaka miwili, tawi la majaribio linagandishwa: pakeji mpya haziingii tena, watu wanashughulika na dosari tu, na likiiva linatangazwa kuwa toleo thabiti. Kwa hiyo wale wanaosema "ni thabiti, haigandi" wajue kwamba limefika hapo kwa kugandishwa, tena kwa makusudi. Debian 12, iitwayo bookworm, ilitoka Juni 2023 ikiwa na OpenSSH 9.2 (programu ya kuingilia seva kutoka mbali), na itazeeka ikiwa na OpenSSH 9.2.

Kwa nini mtu atake kitu kama hicho? Fikiria chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kule Mbozi, chenye mfumo wa malipo ulioandikwa kwa lugha ya PHP na kijana ambaye sasa yuko Dar es Salaam na simu zake hazipokelewi. Debian 11 ilikuja na PHP 7.4, Debian 12 ikaja na PHP 8.2, na kati ya hizo mbili kuna vitu vilivyoondolewa kabisa, mathalani each() na create_function(). Kama mashine ingejipandisha yenyewe katikati ya msimu, mkulima angefika dirishani akakuta karani anatazama kioo cheupe. Toleo thabiti linakupa haki ya kuchagua siku ya kuumia. Utapandisha toleo ukiwa tayari, kahawa ikiwa imeshauzwa, nakala za akiba zikiwa mkononi.

Hapo ndipo yule wa pili, wa "utadukuliwa", anadakia: sasa kama OpenSSH ni ile ile ya 2023, matundu ya usalama yaliyogunduliwa baadaye yatazibwa na nani?

Yanazibwa na kikosi cha usalama cha distro, na namna wanavyoyaziba ndiyo chanzo cha karibu kila ubishi ninaousikia. Dosari ikipatikana, watengenezaji wa asili wa programu hutoa toleo jipya lenye dawa pamoja na mambo mengine mengi mapya. Distro ya toleo thabiti hailichukui toleo hilo. Inaichambua dawa peke yake, mistari ile michache ya msimbo inayoziba tundu, na kuirudisha nyuma hadi kwenye toleo la zamani lililogandishwa. Tundu linazibwa, tabia inabaki, na namba kubwa ya programu haisogei hata kidogo.

Mfano ulio hai ni wa Julai 2024. Kampuni ya Qualys ilitangaza tundu katika OpenSSH walilolibandika jina regreSSHion, namba yake rasmi CVE-2024-6387. Lilikuwa la kutisha kwa sababu linagusa mlango wenyewe wa seva, kabla hata mtu hajaingiza nywila. Toleo jipya lenye dawa lilikuwa 9.8, lililotoka siku hiyo hiyo. Debian 12 haikwenda 9.8. Ilitoa pakeji yenye namba 9.2p1-2+deb12u3, nayo ilikuwa imezibwa. Mkia ule, deb12u3, maana yake ni sasisho la tatu la pakeji hiyo ndani ya Debian 12. Anayesoma 9.2 peke yake anaona hatari, na anayesoma hadi mwisho wa mstari anaona kazi imeshafanyika. Red Hat wanafanya vivyo hivyo, na Ubuntu pia katika matoleo yao ya muda mrefu.

Tabia ya kusoma nusu tunaijua kwenye magari. Abiria akiona Coaster ina namba B anaguna kabla hajapanda, akiona namba E anakimbilia siti ya dirishani. Herufi ile inakuambia gari lilisajiliwa lini. Haikuambii breki zilibadilishwa lini, na mkishaanza kuteremka Kitonga kinachotakiwa ni breki.

Sasa ile ripoti nyekundu. Programu za kukagua, zikiendeshwa kivivu, zinabisha hodi kwenye mlango namba 22, ule wa SSH, zinasikiliza seva inavyojitambulisha, zinachukua namba ya kwanza zinayoiona na kuilinganisha na orodha ya matundu. Hakuna aliyejaribu kupenya, na hakuna aliyeingia kuuliza pakeji ipi hasa imewekwa. Cha kuchekesha ni kwamba Debian huandika mkia wote kwenye salamu hiyo hiyo: OpenSSH_9.2p1 Debian-2+deb12u3. Jibu lilikuwa kwenye mstari ule ule uliomtia meneja kiwewe. Mkaguzi mzuri huingia ndani kwa ruhusa, hutazama orodha ya pakeji, kisha hufungua ukurasa wa Debian wa kufuatilia usalama, ambako kila CVE, yaani tundu lenye namba rasmi, imeandikwa imezibwa katika pakeji ipi. Wapo wakaguzi wa namna hiyo, sitaki kuwaonea wote.

Na kuna jambo ambalo wapenda mapya hawapendi kulisikia. Tundu lile la regreSSHion lilianzia OpenSSH 8.5. Debian 11, ile iliyokuwa ikichekwa kuwa ya babu, ilikuwa na 8.4. Haikuhitaji dawa kwa sababu haikuwa na ugonjwa huo.

Miezi mitatu kabla yake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa programu ya hifadhidata PostgreSQL, alitangaza kwamba kwenye maktaba ya kubana mafaili iitwayo xz kumefichwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde, na mtu mwingine angepuuza. Aliyeupandikiza alijiita Jia Tan, akafanya kazi nzuri kwa uvumilivu kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Mtunzaji wa asili, Lasse Collin, alikuwa akijitolea na amechoka, na watu wasiojulikana walikuwa wakimsakama kwa barua pepe kwamba anachelewesha mambo, awape wengine kazi. Naomba vijana wanaotukana watunzaji wa programu za bure kwa kuchelewa kutoa toleo jipya waisome habari hiyo polepole.

Mlango ule ulifika Debian sid, ulifika tawi la majaribio, ulifika matoleo ya majaribio ya Fedora na openSUSE Tumbleweed. Debian thabiti ilikuwa na xz 5.4.1 na haikuguswa. Hapa pia nitawaudhi wa upande wa kwanza, wale wa "haigandi": hiyo haikuwa kinga iliyopangwa dhidi ya Jia Tan. Ni kwamba kinachoingia taratibu huwapa watu muda wa kukitazama. Kama Freund asingekuwa na macho makali, matoleo yale yangeendelea kusogea mbele hadi yafike kwenye matoleo thabiti yaliyofuata.

Distro kuugusa msimbo wa wengine, iwe kwa kurudisha nyuma viraka (zile dawa) au kwa marekebisho yake yenyewe, nako kuna gharama, na wanaoishabikia Debian kama timu ya mpira huwa hawaitaji. Mwaka 2006 mtunzaji wa pakeji ya OpenSSL, maktaba ya kusimba siri, ndani ya Debian aliondoa mstari wa msimbo ulioonekana una kasoro. Matokeo yake funguo za siri zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu zilikuwa zikibahatishwa kutoka kwenye namba ya mchakato tu, yaani uwezekano 32,768 kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, jambo ambalo kompyuta ya kawaida inalimaliza haraka. Luciano Bello aliligundua, na tangazo likatoka Mei 2008. Msimbo wa asili ulikuwa mzima, mkono wa distro ndio uliouharibu. Watengenezaji wa asili nao wana manung'uniko yao. Jamie Zawinski, mwandishi wa XScreenSaver, programu ya kufunika na kufunga kioo, aliweka ndani ya programu yake onyo la kumwambia mtumiaji kwamba toleo alilonalo ni la zamani sana, na mwaka 2016 akaiomba Debian ama isasishe ama iiondoe kabisa, kwa kuwa alichoka kupokea malalamiko ya dosari alizokwisha kuzitengeneza. Ukisikiliza upande wake huwezi kusema hana hoja.

Tena ahadi yenyewe ina mianya ya hiari. Kivinjari ni kitu kikubwa na chenye matundu mengi kiasi kwamba kuchambua kila dawa na kuirudisha nyuma ni kazi isiyowezekana, hivyo Debian thabiti hupokea Chromium mpya nzima nzima, na Firefox ya muda mrefu ikiisha huduma inapandishwa hadi nyingine. Kwa kivinjari, basi, hata Debian haikuahidi.

Kuhusu Arch na distro wenzake wa sasisho la mfululizo, zinazopokea programu mpya kila zinapotoka, sina ugomvi nao. Hazina toleo, kwa hiyo hazina cha kuwa thabiti kwa maana hii, na mtu anayeijua mashine yake anaweza kukaa nayo miaka bila matatizo. Ugomvi wangu ni ile dharau ya kumwona anayetumia toleo thabiti kama mwoga au mzembe, na ya kumjibu dogo anayeuliza swali kwa "soma mwongozo" wakati mwongozo wenyewe umeandikwa Kiingereza cha watu wanaojuana. Wengine wanaotoa jibu hilo, ukiwakaba kidogo, mwongozo nao hawajausoma.

Kinachohitajika kusahihishwa kwa wengi wetu hapa Nyanda za Juu Kusini kiko mahali pengine kabisa. Toleo thabiti lina ahadi ya pande mbili: wao watatoa viraka, miaka mitatu kwa kikosi kikuu na kisha huduma ya muda mrefu hadi jumla ya miaka mitano, na wewe utaviweka. Mashine nyingi ninazofunguliwa, Tukuyu, Vwawa, hadi Makambako, hazijasasishwa tangu siku zilipowekwa. Ukiuliza unaambiwa bando. Lakini sasisho za toleo thabiti ni pakeji chache kwa wakati mmoja, si kama kupakua mfumo upya, na ofisi yenye kompyuta kumi inaweza kuweka apt-cacher-ng kwenye mashine moja ili kila pakeji ipakuliwe mara moja tu na nyingine zichote humo. Pia kuna unattended-upgrades, inayoweka viraka vya usalama yenyewe kila siku umeme ukiwepo.

Kwa hiyo, kaka, kabla hujaniambia Debian ya ofisini kwako ni ya kizamani, andika kwanza apt update na usome mstari wa mwisho, ule unaotaja pakeji ngapi zinasubiri kusasishwa. Ukikuta ni mia tatu, basi uzee upo kweli, ila Debian hawakuuleta wao.