Kila mwanaume ana tezi dume

Kila mwaka wa masomo unapoanza, kabla sijafungua sanduku la mifupa, huwauliza wanafunzi wangu wa uuguzi na utabibu: nani humu ndani ana tezi dume? Kicheko. Wavulana wanatazamana, mmoja anatikisa kichwa kwa nguvu, mwingine anasema, "Mungu apishe mbali, mwalimu." Hakuna anayenyoosha mkono. Wote wanayo, na wote wameikana.

Hawaji na vichwa vitupu hawa. Kabla ya kukutana na jina la kwanza la Kilatini wameshafundishwa anatomia nyumbani, na kwenye Kiswahili cha nyumbani kiungo na maradhi yake hubeba jina moja. Baba ana presha. Shangazi ana sukari. Jirani ana tezi dume, na mwanawe kaenda kukatwa kidole tumbo. Ukilala usiku bila presha, asubuhi watakuzika! Mwanafunzi akikremu maneno ya kitabu juu ya haya bila kuyagusa, mtihani atafaulu, ila akifika wodini atarudi kwenye yale ya nyumbani.

Tezi dume ni kiungo cha kila mwanaume. Imekaa chini ya kibofu cha mkojo, na kwa kijana ina uzito wa takribani gramu 20. Hutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu. Mrija wa mkojo unapita katikati yake, na hapo ndipo penye kisa chote: tezi ikikua inaubana mrija, mzee anaamka mara nne usiku, mkojo unatoka kwa kudondoka. Kufikia miaka 60, karibu nusu ya wanaume tezi zao zimeshaanza kukua hivyo, na ukuaji huo si saratani. Saratani yenyewe mara nyingi huanzia pembeni na nyuma ya tezi, mbali na mrija, kwa hiyo inaweza kukaa muda mrefu bila kuubana mkojo. Upande huo wa nyuma ndio daktari anaoupapasa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Anayeuona mchoro huu kichwani hahitaji orodha ya dalili, anazisoma kwenye umbo.

Lakini neno linalonisumbua kuliko yote ni "mshipa". Mgonjwa akisema mshipa unamuuma, anaweza kuwa na maana ya mshipa wa damu, au neva, au kano inayofunga msuli kwenye mfupa, au ngiri, na kwa wengine hata busha. Darasani vitu hivi havifanani hata kidogo. Mshipa wa damu ni bomba, lina uwazi ndani. Neva ni kama waya, hubeba taarifa. Kano ni kamba, haibebi kitu, inavuta tu. Ngiri wala si mshipa: ni utumbo au mafuta ya tumboni yaliyopenya mahali ambapo ukuta wa tumbo ni dhaifu.

Mwanafunzi asiyetenganisha haya ataumiza mtu. Mtoto amechomwa sindano ya takoni, siku ya pili anaburuta mguu, na bibi anasema sindano "imepiga mshipa". Bibi yuko sahihi, ila mshipa wenyewe ni neva ya siatiki, iliyo nene kuliko zote mwilini, inayopita chini na katikati ya tako kuelekea nyuma ya paja. Ndiyo maana anayechoma takoni hufundishwa kuligawa tako sehemu nne na kwenda robo ya juu ya nje, na watoto wachanga huchomwa pajani. Huwa nawaambia wachore msalaba huo kwa kalamu kwenye suruali ya mwenzao. Wanacheka, lakini hawasahau.

Kisa cha "damu safi na damu chafu" wamekitoa shule ya msingi, pamoja na chati yenye mishipa myekundu na ya bluu. Hakuna damu ya bluu mwilini. Ukichota kwenye vena ya mkono, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, utapata nyekundu iliyokolea, na himoglobini yake, ile inayobeba oksijeni, bado imejaa oksijeni karibu asilimia 75. Wala si chafu: damu tunayochangia hutolewa kwenye vena hizo hizo, na ndiyo inayomwokoa mama aliyetokwa na damu baada ya kujifungua. Mtego wa mtihani unatokea kwenye mapafu, ambako ateri ndiyo inayobeba damu yenye oksijeni kidogo na vena zinarudisha iliyojaa. Mwanafunzi wa "safi na chafu" hukwama hapo. Ateri hujulikana kwa mwelekeo: inatoa damu moyoni, na vena inairudisha. Njia hii ya kupitia mapafuni aliieleza Ibn al-Nafis, tabibu wa Kairo, mwaka 1242, akimpinga Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki, aliyefundisha kwamba damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo. Ukuta huo, aliandika, hauna matundu.

Halafu moyo. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu." "Nini kinakusumbua?" "Moyo." Mwanafunzi wangu akaandika moyo, tena kwa wino mzito. Nikamwomba babu aoneshe kwa mkono. Akaweka kiganja chini kidogo ya mfupa wa kidari: chembe cha moyo. Hapo kuna tumbo la chakula, kongosho na sehemu ya ini, na babu alikuwa na vidonda vya tumbo. Ila msikimbilie kusema "si moyo" pia, kwa sababu shambulio la moyo linalogusa upande wake wa chini huweza kuuma hapo hapo kwenye chembe. Na moyo wenyewe haukai titi la kushoto. Uko katikati ya kifua, nyuma ya kidari, ncha yake tu ndiyo imeelekea kushoto. Anayemkandamiza kifua aliyezimia upande wa kushoto anavunja mbavu bure.

Mbavu ni jozi 12 kwa mwanamume na 12 kwa mwanamke. Hili nalipita haraka, maana kila mwaka ubavu wa Adamu unazua mahubiri.

Kimeo ndicho kinachonikasirisha. Ni kale kanyama kanakoning'inia nyuma ya koo, kila mtu anako, na tunapomeza kanapanda pamoja na kaakaa laini kuziba njia ya puani. Mtoto akikohoa sana, wapo wanaosema "ana kimeo" na kumpeleka kukatwa. Anarudi na kikohozi kile kile, na juu yake kutokwa na damu, usaha, hata pepopunda. Kikohozi cha wiki mbili kinataka kipimo cha kifua kikuu.

Utosi nao umefanywa ugonjwa. Nafasi ile laini juu ya kichwa cha mtoto ipo ili mifupa isogeleane wakati wa kuzaliwa na ubongo upate pa kukulia. Kwa wengi hufunga kati ya miezi 12 na 18, na kudunda kwake ni kwa kawaida. Mama akisema "mwanangu ana utosi", huwa namwambia mwanafunzi asimsahihishe kwanza. Amketishe mtoto, asubiri aache kulia, apitishe vidole polepole. Umedidimia, na mtoto anaharisha: maji yamemwishia, lete ORS na zinki. Umevimba na mwili ni wa moto: huenda ni homa ya uti wa mgongo, hapo hakuna kungoja foleni.