Je, wajua kwa nini majivu ya askari wa Marekani hukaa rafuni miaka mingi ilhali serikali iko tayari kuwazika bure?

Nchini Marekani, mwanajeshi aliyetoka jeshini bila kufukuzwa kwa fedheha kwa kawaida ana haki ya kuzikwa katika makaburi ya taifa bila ndugu zake kulipia kaburi. Serikali ya shirikisho hutoa kiwanja, huchimba na kufukia, huweka jiwe lenye jina, hutoa bendera, kisha hulitunza kaburi hilo daima. Jambo hili lilianza mwaka 1862, Rais Abraham Lincoln alipotia saini sheria ya makaburi hayo katikati ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Leo wizara inayohusika na wanajeshi wa zamani inasimamia makaburi ya taifa zaidi ya 150.

Sasa inakuwaje wenye haki hiyo wakutwe kwenye stoo za kampuni za mazishi, majivu yao yakiwa ndani ya kopo?

Kaburi lipo na fedha za kuzika zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuthibitisha kwamba marehemu aliwahi kuwa askari.

Fikiria mzee aliyefia mtaani au kwenye chumba cha kupanga. Mke hana, watoto walipoteana naye zamani, au ndugu wakipigiwa simu wanasema hawana uwezo wa kumzika. Maiti isiyo na mwenyewe huangukia mikononi mwa kaunti, na kaunti nyingi huichoma kwa kuwa ndiyo njia ya bei nafuu. Hapo ndipo tatizo linapojificha: maiti humlazimisha mtu kuamua ndani ya siku chache, lakini majivu hayaozi wala hayamsumbui mtu. Kaunti ya Los Angeles huyahifadhi kwa takriban miaka mitatu, kisha huyazika yote pamoja katika kaburi moja. Kwingine hubaki rafuni tu. Katika Hospitali ya Jimbo la Oregon, mjini Salem, yalikutwa makopo ya shaba zaidi ya 3,000 yenye majivu ya wagonjwa. Miongoni mwao alikuwamo askari wa kikosi cha 20 cha Maine, aliyepigana katika vita vile vile vya enzi ya Lincoln. Alifariki mwaka 1922, akaja kuzikwa kwao Maine mwaka 2016.

Uthibitisho wenyewe ni karatasi. Anayetoka jeshini hupewa cheti, ambacho kwa sasa ni fomu DD 214, lakini mtu asiye na makazi ni nadra kufa nayo mfukoni. Kwa hiyo jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hifadhi ya jamii hutumwa St. Louis, Missouri, yaliko mafaili ya wanajeshi. Huko nako kuna pengo kubwa. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, yakiwemo takriban asilimia 80 ya yale ya Jeshi la Nchi Kavu kwa waliotoka kati ya 1912 na 1960. Kwa askari wa enzi hizo, mtafutaji huenda akalazimika kuunganisha vipande kutoka hati za malipo ya mwisho au madai ya mafao.

Kazi hiyo ya kuchosha imebebwa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea. Wale wa shirika la Missing in America Project huzunguka kampuni za mazishi, huandika majina yaliyo kwenye makopo na kuyapeleka yakakaguliwe. Maelfu wamezikwa kwa juhudi zao. Mwanzoni kampuni nyingi zilisita kuwafungulia, zikihofia siku moja ndugu watajitokeza na kuzishtaki, mpaka majimbo kadhaa yakatunga sheria za kuzikinga.

Hata kwenye fedha palikuwa na tundu. Kaburi lilikuwa bure, jeneza halikuwamo. Huko Florida iligundulika kwamba mwanajeshi wa zamani asiye na ndugu alikuwa amezikwa kwenye makaburi ya taifa ndani ya boksi la kadibodi. Aibu hiyo ilizaa sheria iliyotiwa saini Januari 2013: askari asiye na ndugu wala mali akizikwa katika makaburi ya taifa, wizara hurudisha gharama ya jeneza au chombo cha majivu. Kanuni zake hazimwachii mtu nafasi ya kubana matumizi. Jeneza liwe la chuma chenye unene usiopungua geji 20 (kipimo cha unene wa bati), lenye mpira wa kuziba na vishikio imara. Chombo cha majivu kiwe cha plastiki ngumu inayofungika vizuri.

Ninaiheshimu sana sheria hiyo, ila inamfaa yule ambaye tayari ametambuliwa. Majivu yaliyo rafuni haiyafikii. Baadhi ya majimbo yameziagiza kampuni za mazishi au wachunguzi wa vifo wakague kama marehemu asiye na mwenyewe alitumikia jeshi. Kaunti zote zingefaa kulipwa ili zifanye hivyo wakati mwili bado uko mochwari, maana alama za vidole bado zinapatikana na jirani aliyemfahamu marehemu bado yupo wa kuulizwa.