Rungu la FIFA Humwangukia Nani?

Tarehe 19 Aprili 2022, jijini Johannesburg, droo ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika ilichezeshwa huku majina mawili yakiwa ndani kwa masharti. Kenya na Zimbabwe zilikuwa zimefungiwa na FIFA tangu tarehe 24 Februari. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilizipanga kwenye makundi hivyo hivyo, ikaeleza kwamba zisipofunguliwa wiki mbili kabla ya mechi za kwanza, zitaondolewa. Hazikufunguliwa. Kundi la Kenya likabaki na Cameroon, Namibia na Burundi; la Zimbabwe likabaki na Morocco, Afrika Kusini na Liberia. Wachezaji wa nchi hizo mbili walikosa kampeni nzima, na ugomvi ulioleta adhabu ile haukuwa wao.

Sisi tunaofundisha sheria za michezo tunaulizwa swali moja mara nyingi kuliko mengine yote: kwa nini nchi inafungiwa kwa sababu waziri ameunda kamati, na nchi nyingine haifungiwi hata ikiingia vitani? Muulizaji huwa na uchungu, na uchungu wake una msingi. Jibu langu huanzia mahali ambapo wengi hawapatarajii. Kufungiwa na FIFA si hukumu juu ya uovu wa nchi. Ni chombo cha kulinda mamlaka ya FIFA yenyewe na kuhakikisha ratiba ya mashindano inachezwa. Ukikitazama hivyo, mambo mengi yanayoonekana kugongana yanaanza kueleweka, ingawa kueleweka si sawa na kuwa ya haki.

Kanuni yenyewe ni fupi. Katiba ya FIFA inavitaka vyama vyote 211 viendeshe mambo yao vyenyewe, bila kuingiliwa na watu wa nje. Hao wa nje ni pamoja na serikali, bunge, baraza la michezo la taifa, hata mahakama za kawaida. Chama kikiingiliwa, Baraza la FIFA linaweza kukifungia papo hapo bila kusubiri Mkutano Mkuu. Kikishafungiwa hakipigi kura, timu zake za taifa na klabu zake hazichezi kimataifa, na vyama vingine haviruhusiwi kushirikiana nacho kimichezo. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: chama kinaweza kuadhibiwa hata kama kuingiliwa huko hakukutokana na kosa lake. Kwa maneno mengine, anayevamiwa nyumbani kwake ndiye anayepelekwa kizuizini.

Hata hivyo, kanuni hii ina sababu ya kuwepo. Mwaka 2010, baada ya Nigeria kutolewa hatua ya makundi kwenye Kombe la Dunia, Rais Goodluck Jonathan alitangaza kuiondoa timu ya taifa kwenye mashindano ya kimataifa kwa miaka miwili. FIFA ikatoa muda wa siku chache, na uamuzi ukabatilishwa. Pasipo kanuni ile, kizazi kizima cha wachezaji kingekaa nje kwa hasira ya wiki moja.

Kesi ya Kenya ina funzo kubwa zaidi, nami naiona kuwa ndiyo inayostahili kusomwa na kila ofisa wa wizara ya michezo. Novemba 2021, Waziri wa Michezo Amina Mohamed alivunja uongozi wa shirikisho la soka, FKF, baada ya ukaguzi uliohusu matumizi ya fedha, kisha akateua kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Kuuliza fedha za umma zimekwenda wapi lilikuwa jambo halali. FIFA haizuii polisi kuchunguza wizi wala mwendesha mashtaka kumfikisha kiongozi wa soka mahakamani. Tarehe 27 Mei 2015 polisi wa Uswisi waliwakamata maofisa wa soka kwenye hoteli moja ya Zürich kwa ombi la Marekani, na si Uswisi wala Marekani iliyofungiwa. Mstari unavukwa pale serikali inapoikalia ofisi: inapomwondoa aliyechaguliwa na kumweka iliyemteua yenyewe. Mshtaki mtu, mpeleke kortini, lakini kiti chake waachie wapiga kura wa soka wakijaze. Adhabu ya Kenya iliondolewa mwishoni mwa Novemba 2022, baada ya waziri mpya, Ababu Namwamba, kulirudisha shirikisho ofisini. Zimbabwe, ambako tume ya michezo ya serikali ilikuwa imewasimamisha viongozi wa chama, ilisubiri hadi Julai 2023.

Je, kanuni hii hutumika sawa kwa wote? Hapa siwezi kujibu ndiyo.

Aprili 2024, baada ya misukosuko mirefu ndani ya shirikisho la soka la Hispania, serikali ya nchi hiyo ilitangaza kamati ya kulisimamia, na baadaye ikamteua Vicente del Bosque kuiongoza. FIFA na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, zilieleza wasiwasi wao kwa maandishi. Hispania haikufungiwa, na miezi mitatu baadaye ilitwaa ubingwa wa Ulaya. Wanasheria watasema, na wana hoja, kwamba kamati ile haikuwaondoa viongozi na kukalia viti vyao kama ilivyotokea Kenya. Lakini tofauti ya subira inaonekana. Barua kwa mmoja, rungu kwa mwingine.

India nayo ina somo lake. Uchaguzi wa shirikisho ulikuwa umecheleweshwa, Mahakama ya Juu ikateua kamati ya wasimamizi, na katikati ya Agosti 2022 FIFA ikaifungia nchi hiyo. Miezi miwili mbele kulikuwa na Kombe la Dunia la Wanawake chini ya miaka 17 lililopangwa kuchezwa huko huko India. Siku 11 tu zikapita, kifungo kikaondolewa, mashindano yakaendelea. Ni kweli mahakama iliivunja kamati ile haraka, na hilo ndilo FIFA ilikuwa inalitaka. Lakini pande zote mbili zilikuwa na jambo kubwa la kupoteza. Kuwait haikuwa na mashindano ya aina hiyo mezani. Ilikaa nje kuanzia Oktoba 2015 hadi Desemba 2017.

Kati ya kesi zote ninazofundisha, ile ya Togo ndiyo ngumu zaidi kuisimulia. Tarehe 8 Januari 2010, basi la timu ya taifa ya Togo lilimiminiwa risasi katika jimbo la Cabinda, likielekea kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Angola. Kocha msaidizi na ofisa habari wa timu waliuawa. Serikali ya Togo ikaita timu irudi nyumbani kuomboleza. Mwisho wa mwezi ule ule, CAF iliifungia Togo mashindano mawili yaliyofuata, kwa hoja kwamba serikali imeingilia uamuzi wa timu, maana baadhi ya wachezaji walikuwa wamesema wako tayari kucheza. Adhabu iliondolewa Mei 2010 baada ya rais wa FIFA, Sepp Blatter, kusuluhisha. Kanuni iliyotungwa kumzuia mwanasiasa asiichezee timu ilitumika dhidi ya serikali iliyokuwa inarudisha majeneza. Kila ninapoifikia kesi hii darasani huwa kimya kinatanda, nami sikikatizi upesi.

Sasa tuje kwenye vita na ubaguzi, ambako hasira ya watu ni kubwa zaidi.

Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi nne zilizoanzisha CAF, pamoja na Misri, Sudan na Ethiopia, lakini haikucheza mashindano ya kwanza ya mwaka 1957 mjini Khartoum kwa sababu ilikataa kupeleka timu ya mchanganyiko wa weusi na weupe. FIFA iliifungia mwaka 1961. Mwaka 1963 rais wa FIFA, Stanley Rous, aliitembelea nchi hiyo na kifungo kikaondolewa. Mwaka uliofuata, huku vyama vya Afrika vikiwa vimeongezeka mkutanoni, kikarudishwa. Ilifukuzwa kabisa mwaka 1976, mwezi mmoja baada ya maasi ya Soweto, na ikarejea mwaka 1992. Ubaguzi wa rangi ulikuwa ule ule mwaka 1963 na mwaka 1964. Kilichobadilika ni hesabu ya kura ukumbini.

Yugoslavia iliondolewa kwenye fainali za Ulaya za mwaka 1992 siku chache kabla hazijaanza, baada ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupitisha azimio namba 757, la kuiwekea nchi hiyo vikwazo, tarehe 30 Mei. Denmark ikaitwa kujaza nafasi, ikaondoka na kombe.

Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Siku tatu baadaye FIFA ilitoa uamuzi ambao watu wengi wameusahau: Urusi icheze kwa jina la shirikisho lake, bila bendera wala wimbo wa taifa, kwenye uwanja usio wa kwake. Poland, iliyopangwa kucheza nayo mechi ya mchujo wa Kombe la Dunia mwezi Machi, ikasema haitaingia uwanjani. Sweden na Jamhuri ya Czech, zilizokuwa kwenye njia hiyo hiyo ya mchujo, zikasema vivyo hivyo. Kesho yake, tarehe 28 Februari, FIFA na UEFA zikaifungia Urusi. Shirikisho la Urusi lilikata rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, na Julai mwaka ule ikatupwa. Sababu za CAS ni za kusomwa kwa utulivu, kwani mahakama haikusema Urusi imetenda dhambi. Ilizungumzia haja ya mashindano kuendeshwa kwa usalama na utaratibu. Wapinzani walikuwa wamegoma, na ratiba isingechezeka.

Ndiyo maana chama cha soka cha Palestina kilipopeleka hoja ya kutaka Israel iadhibiwe kwenye Mkutano Mkuu wa FIFA mjini Bangkok, Mei 2024, hoja ile iliingia njia nyingine kabisa: tathmini ya wanasheria, kisha kamati. Hapakuwa na kundi la mataifa yenye mechi mkononi yaliyokataa kwa pamoja kuingia uwanjani. Siandiki haya kupima uzito wa vifo vya mahali pamoja dhidi ya vya mahali pengine. Naandika kwa sababu mashabiki wanastahili kuambiwa wazi ni kitu gani huisukuma FIFA kutenda, badala ya kuachwa waamini kwamba kuna mizani ya maadili iliyofichwa mahali.

Mkono wa siasa hauishii kwenye vyama, huwafikia hata wachezaji mmoja mmoja. Kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1962 mjini Santiago, Garrincha aliifungia Brazil mabao mawili dhidi ya Chile kisha akatolewa nje. Kwa kanuni za wakati ule mchezaji aliyetolewa hakufungiwa moja kwa moja; kamati ndiyo iliyoamua. Inasimuliwa kwamba Waziri Mkuu wa Brazil, Tancredo Neves, alituma telegramu ya kuombea. Garrincha akacheza fainali na Brazil ikawa bingwa. Kadi nyekundu ya leo inayomkosesha mchezaji mechi inayofuata, bila mtu kuulizwa, ni kinga dhidi ya telegramu za namna ile.

Lakini kinga hiyo ina mlango. Novemba 2025 Cristiano Ronaldo alitolewa kwa kumpiga kiwiko mchezaji wa Ireland. Kanuni za nidhamu zinataka angalau mechi tatu kwa kosa la aina hiyo, na tatu ndizo alizopewa, ila mbili zikawekwa kando kwa mwaka mmoja wa uangalizi. Moja alikuwa ameshaitumikia, hivyo akawa huru kuanza Kombe la Dunia. Kanuni zinaruhusu hilo. Uamuzi ulitangazwa siku chache baada ya Ronaldo kuhudhuria dhifa Ikulu ya Marekani, mwenyeji mwenza wa fainali hizo, ambako rais wa FIFA naye alikuwepo. Hakuna ushahidi wowote kwamba mambo hayo mawili yanahusiana, na asiye na ushahidi asidai. Ninachodai mimi ni kwamba chombo cha nidhamu kikitumia mlango kama huo, kichapishe sababu zake zote, neno kwa neno, ili mchezaji asiye na jina ajue naye anaweza kuupitia.

Kuna jambo la mwisho ambalo vyama vyetu husahau: rufaa. Morocco ilipoomba Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015 liahirishwe kwa hofu ya Ebola, CAF iliinyang'anya uenyeji na kuifungia mashindano mawili. Morocco ikaenda CAS. Aprili 2015 kifungo kikafutwa, na faini ya dola milioni 1 ikashushwa hadi dola 50,000. Muda wa kupeleka rufaa dhidi ya maamuzi ya FIFA ni siku 21, na chama kinachozimaliza siku hizo kwenye mikutano ya waandishi wa habari huwa kimejifungia mlango.

Rufaa, hata hivyo, haiwezi kurudisha mechi iliyopita. India ilipofungiwa mwaka 2022, wachezaji wa klabu ya wanawake ya Gokulam Kerala walikuwa wamekwisha kufika Uzbekistan kwa mashindano ya klabu za Asia. Walirudi bila kucheza. Kuongeza sentensi moja kwenye katiba ya FIFA, inayosema kwamba timu iliyokwisha kuondoka nyumbani imalize mashindano yake, hakuhitaji kikao kirefu wala kubishana kuhusu serikali ya nchi yoyote.