Kuweka leseni ya LGPL kwenye maktaba mpya ya msimbo

Nimekamilisha maktaba ndogo ya msimbo, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia ndani yake, inayogeuza namba kuwa maneno ya Kiswahili. Ukiipa 22 na neno "viti", inakurudishia "viti ishirini na viwili". Ukiipa "meza", inasema "ishirini na mbili". Ugumu wote uko kwenye ngeli. Kabla ya kuipandisha mtandaoni nilikaa jioni nzima kuipa leseni, yaani masharti ya kuitumia.

Kazi yangu ya kwanza ya namna hii niliiacha wazi mtandaoni bila leseni yoyote, nikidhani kuianika hadharani ndiko kuitoa. Rafiki yangu alitaka kuitumia kazini kwake, mwanasheria wao akamkatalia. Mwanasheria alikuwa sahihi. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, hakimiliki haihitaji kusajiliwa: ukishaandika, ni yako. Msimbo usio na leseni watu watausoma, lakini haki ya kuurekebisha na kuusambaza inabaki kwa aliyeuandika.

Basi leseni ipi? GPL, leseni ya mradi wa programu huria wa GNU, inamtaka anayesambaza programu iliyojengwa juu ya maktaba yako aitoe programu yote kwa masharti hayohayo. Nguvu hiyo inafaa pale maktaba yako inapokuwa haina mbadala. Readline, maktaba ya GNU ya kuhariri mstari unaouandika, ilikuwa hivyo, na mwaka 1992 CLISP, programu ya lugha ya Lisp, ilihamia GPL kwa sababu yake. Yangu haina ubavu huo. Mwenye programu ya stakabadhi akiona GPL ataandika yake kwa siku mbili, na wateja wake watasoma "viti mbili" miaka nenda rudi. Leseni ya MIT, isiyodai mengi, nayo ingemruhusu mtu asahihishe ngeli zangu kisha ayafungie marekebisho hayo kabatini. Hilo sikubali.

Nilichagua LGPL, ndugu mpole wa GPL. Ilianza mwaka 1991 kwa ajili ya maktaba hasa. Programu ya dukani inaweza kuitumia maktaba na yenyewe ikabaki imefungwa, bila kutoa msimbo wake, mradi mtumiaji aweze kuibadilisha maktaba hiyo kwa toleo alilolirekebisha. Anayeigusa maktaba yenyewe na kuisambaza, lazima awape wapokeaji msimbo chanzo wa alichobadili, chini ya leseni ileile.

Hapa wengi hukosea: LGPL toleo la 3 haijitoshelezi. Ni ruhusa za ziada juu ya GPL toleo la 3, zote za mwaka 2007, kwa hiyo maandishi ya zote mbili lazima yawemo. GPL niliiweka kwenye faili la COPYING, LGPL kwenye COPYING.LESSER. Usibadilishe hata neno. Maandishi yenyewe yanakataza. Maelezo ya Kiswahili niliyaweka kwenye faili la utangulizi, nikasema wazi kwamba ya Kiingereza ndiyo yanayofunga.

Kisha nikaingia kila faili la msimbo. Mistari miwili inatosha juu kabisa: hakimiliki, mwaka na jina, halafu alama fupi ya SPDX inayoitaja leseni:

SPDX-License-Identifier: LGPL-3.0-or-later

Usione uvivu. Mafaili husafiri peke yake. Mtu huchukua moja tu analolihitaji, na lisilo na maelezo linafika huko halijulikani la nani. Maneno "or-later" (au la baadaye) niliyaweka makusudi, ili toleo jipya la leseni likitoka, anayetaka alifuate bila kunitafuta.

Kama umeajiriwa, soma mkataba wako kwanza, maana huenda msimbo ulioandika ni mali ya mwajiri na huna haki ya kuutoa.

Lililobaki lilikuwa jedwali la ngeli, ambalo sehemu yake aliandika kijana mmoja aliyejitolea. Sehemu hiyo ni hakimiliki yake, hata kama iko ndani ya maktaba yangu. Nilimwandikia nikamweleza leseni niliyochagua na sababu zake, nikasubiri. Alijibu baada ya siku nne kwamba anakubali. Kwenye faili hilo jina lake liko mstari wa kwanza, langu la pili.